Mwamba wa kutu na utando wa kijani kusini mwa Sengerema: tutajuaje kama chini kuna salfaidi za shaba na zinki?

Mwana wa Buchosa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi na wenzangu tunamiliki leseni ndogo ya uchimbaji kusini mwa Sengerema, upande unaoelekea Nyang'hwale, ambako tumekuwa tukifuata mkanda wa dhahabu kwa maduara ya kawaida, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Mkanda wenyewe si wa kujivunia, lakini kadiri duara la mashariki linavyoshuka ndivyo mawe yanavyobadilika tabia. Juu tulikuwa na mwamba mwekundu uliojaa vitundu, mwepesi, unaoacha unga wa manjano mkononi, na kwenye nyufa zake kuna utando wa kijani ambao wazee wa maduara wanasema ni kutu ya shaba. Chini zaidi, tulipokaribia maji, jiwe limekuwa jeusi na zito kupita kiasi. Likipasuliwa linang'aa manjano iliyokoza mahali pengine na rangi ya kahawia mahali pengine, na kifusi chake kikikaa juani majuma machache kinaota ungaunga mweupe uliochanganyika na kijani na kutoa harufu ya kiberiti. Sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu inanata kwenye baadhi ya vipande, si vyote.

Maabara tuliyoiendea Mwanza ilipima dhahabu peke yake, na majibu yakawa ya wastani. Mwenye mitambo ya uchenjuaji tuliyemzoea ameukataa mzigo wa chini, akisema unamla sayanaidi, ile dawa ya kuyeyushia dhahabu, bila kumrudishia kitu. Wakati huohuo amejitokeza mtu anayesema eneo letu ni "Kabanga nyingine" na anataka tusaini naye makubaliano haraka kabla wengine hawajajua.

Naomba kufahamishwa na wenye elimu ya jiolojia: dalili hizi zinaweza kuwa za nini hasa, na ni hatua gani zinazostahili kufanywa kabla hatujatumia fedha kwenye uchorongaji, yaani kutoboa mashimo marefu kwa mtambo, ambao bei yake tumeiulizia na imetutoa jasho?

---

Nyundo na Lenzi

Ndugu Mwana wa Buchosa, umeeleza vizuri kuliko ripoti nyingi ninazoletewa mezani, kwa sababu umesema jinsi jiwe linavyobadilika kwenda chini, na sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Mwamba mwekundu wenye vitundu kuna uwezekano mkubwa kuwa ni gosani, yaani kofia ya kutu inayobaki pale ambapo mwamba uliojaa salfaidi (metali iliyoungana na salfa) umekutana na hewa na maji ya mvua kwa muda mrefu sana. Pairaiti, ambayo ni salfaidi ya chuma, huoza kwanza. Salfa yake hugeuka kuwa tindikali, tindikali hiyo huyeyusha shaba na zinki na kuziteremsha, na chuma hubaki juu kikiwa kutu nyekundu, kahawia na manjano. Ndiyo maana gosani huweza kuwa na metali kidogo sana hata pale ambapo chini yake kuna mali. Zinki hasa hukimbia yote. Risasi hung'ang'ania, na dhahabu hubaki na mara nyingi huongezeka, jambo linaloeleza kwa nini wachimbaji wadogo huanza kwa furaha kwenye kofia na kununa wakifika chini. Shaba iliyoteremka huweza kushikwa tena karibu na usawa wa maji na kutengeneza tabaka lenye shaba nyingi kuliko mwamba wa asili, lakini tabaka hilo huwa jembamba, na anayelipima hilo peke yake akadhani mwamba wote uko hivyo ataingia hasara.

Sukumaland nzima, hata hivyo, imejaa mawe mekundu ya lateraiti ambayo hayana uhusiano wowote na salfaidi, kwa hiyo lazima utofautishe. Kata kipande kwa msumeno wa mawe, au kivunje upate uso mpya, kisha ukitazame kwa lenzi ya mara 10. Lateraiti ina vijipunje vya mviringo vilivyogandamana, na shambani hutanda juu ya ardhi bapa bila kujali mwamba ulio chini. Gosani ina vyumba vidogo vyenye kuta nyembamba zilizonyooka, kila chumba kikiwa ni mahali palipokuwa na punje ya salfaidi iliyooza ikaondoka. Punje za pairaiti huacha vyumba vya mraba ambavyo ukiviona mara moja hutavisahau. Tena gosani hufuata mstari: ina mwelekeo, ina mwinamo, na ukiutembea mkanda wake utaukuta umbali fulani mbele baada ya kupotea kwenye udongo.

Kuhusu jiwe jeusi la chini, kuna vipimo ambavyo havihitaji maabara. Cha kwanza ni uzito. Pima kipande kikavu kwenye mizani, kisha kipime kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, ugawanye uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Kwatzi hutoa 2.65. Sfalaraiti, ambayo ni salfaidi ya zinki, iko karibu na 4.0, kalkopairaiti ya shaba 4.2, pirotaiti, salfaidi nyingine ya chuma, 4.6, pairaiti 5.0, na galena ya risasi 7.5. Jiwe lisilo na kutu likikupa 4 au zaidi, basi sehemu kubwa ya hicho unachokishika ni salfaidi, si mwamba wenye chembechembe. Cha pili ni ncha ya kisu: kalkopairaiti hukwaruzika, pairaiti hukikatalia kisu. Cha tatu ni hiyo sumaku yenu ya spika, ambayo inanasa pirotaiti au magnetaiti (oksidi ya chuma). Sfalaraiti ndiyo inayowapita watu wengi, maana ni ya kahawia, haina mng'ao wa kuvutia, na hutupwa pamoja na kifusi. Isage kidogo, dondoshea asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, na ukisikia harufu ya yai viza jua huenda umeikuta, mradi kipande hakinati kwenye sumaku, kwa kuwa pirotaiti nayo hutoa harufu hiyo. Fanyeni hivyo nje penye upepo, kwa sababu gesi hiyo ni sumu.

Sasa, kuna namna tatu za mashapo ya salfaidi ambazo mtu wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuzijua kwa kuwa zote zipo katika ukanda huu, na kila moja hutafutwa kwa njia yake.

Ya kwanza ni ile inayozaliwa kwenye sakafu ya bahari penye volkano. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, hupashwa moto na magma, huchota metali kutoka kwenye miamba, kisha huruka juu yakiwa na joto la takriban nyuzi 350 na kukutana na maji baridi. Papo hapo salfaidi hujitenga na kurundikana. Wanasayansi waliona jambo hili likitendeka kwa macho yao mwaka 1979 katika Bahari ya Pasifiki mashariki, palipokuwa na mabomba ya mawe yanayofuka moshi mweusi. Miamba yetu ya Nyanza, ambayo ni lava, majivu ya volkano na mawe ya chuma yenye mistari, ina umri wa takriban miaka bilioni 2.8 hadi 2.7 na ilimwagika chini ya maji ya namna hiyo. Mfano tulio nao jirani ni Macalder, kule Migori nchini Kenya, si mbali na ufuko wa ziwa hili hili: walianza na dhahabu kwenye kofia ya kutu, wakakuta chini shaba na zinki, na mgodi ukafungwa mwaka 1966.

Ya pili ni mikanda ya dhahabu iliyokaa kwenye nyufa kubwa za msuguano, ambamo shaba imeambatana na dhahabu. Bulyanhulu ndiyo mfano, na ni mojawapo ya migodi yalikotoka makinikia ambayo kila Mtanzania aliyasikia mwaka 2017: ni mchanga uliochenjuliwa wenye dhahabu, shaba na fedha.

Ya tatu ni Kabanga, wilayani Ngara. Hiyo ni nikeli, na haina undugu na kwenu. Miamba yake ina umri wa takriban miaka bilioni 1.4, yaani nusu ya umri wa miamba ya Sengerema, nayo ni magma nzito iliyopenya ndani ya matope ya zamani yaliyogeuka mwamba, ikameza salfa kutoka kwenye matope hayo, na salfa hiyo ikakusanya nikeli, shaba na kobalti. Anayekwambia mna Kabanga nyingine hapo mulize ameona mwamba gani wa magma hiyo na amepima nikeli kiasi gani. Hatakuwa na jibu.

Nitaandika kuhusu hatua za utafutaji baadaye, nikishapata majibu yako kuhusu mambo mawili: mwamba unaopakana na jiwe jeusi ukoje pande zote mbili, na je, jiwe jeusi lina mistari inayolingana na tabaka za mwamba au linakata tabaka hizo?

---

Jabali

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Nyundo na Lenzi, ila naomba nipunguze joto kidogo kabla ndugu zetu hawajauza ng'ombe.

Utando wa kijani ni shahidi mwenye maneno mengi. Malakaiti, ndiyo kutu hiyo ya shaba, ina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake, na rangi yake inatapakaa. Punje chache za kalkopairaiti ndani ya mshipa wa kwatzi zinatosha kupaka kijani ukuta mzima wa duara. Mishipa ya namna hiyo imejaa kuanzia Geita hadi Kahama, na iliyo mingi haina shaba ya kumlipa mtu hata dizeli. Bulyanhulu kwenyewe shaba ni ya kusindikiza, dhahabu ndiyo inayolipa mishahara.

Tufanye hesabu ndogo ili tujue tunazungumzia ukubwa gani. Tuseme mna bonge la salfaidi lenye urefu wa mita 200, linaloshuka mita 100, na unene wa mita 5, ambalo kwa kweli ni bonge zuri. Hizo ni mita za ujazo 100,000, na kwa uzito wa tani 4 kwa kila mita ya ujazo mnapata tani 400,000 za mawe. Yakiwa na shaba asilimia 2, shaba yote iliyomo ni tani 8,000 kabla ya kupoteza chochote kwenye uchimbaji na uchenjuaji. Kwa wachimbaji wadogo hicho ni kitu kikubwa. Kwa kampuni ambayo italazimika kujenga mtambo wa kutenganisha salfaidi kwa kuzielesha kwenye povu, kuvuta umeme na kuchimba chini ya usawa wa maji, ni kidogo mno, isipokuwa dhahabu na zinki zisaidie au yapatikane mabonge mengine jirani. Sasa duara lenu limeonyesha unene wa kiasi gani? Kama ni nusu mita, mazungumzo ni mengine kabisa.

Tena kuna jambo ambalo wapenda shaba hulipita haraka. Ukanda huu umetafutwa kwa muda mrefu, na dhahabu imepatikana nyingi. Kama mabonge ya zinki na shaba yangekuwa mengi, baadhi yangekuwa yamejitokeza.

---

Nyundo na Lenzi

Ndugu Jabali, hesabu yako ni sahihi na ni vyema imeandikwa. Hoja yako ya mwisho siikubali.

Ukanda umetafutwa, ndiyo, lakini umetafutiwa dhahabu. Sampuli nyingi za udongo na za mashimo zimepimwa dhahabu, pengine na aseniki, kisha zikatupwa. Na sehemu kubwa ya Sukumaland imefunikwa na mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao haukuoza kutoka kwenye mwamba ulio chini yake bali uliletwa na maji, hivyo ukichukua sampuli juu yake unapima udongo wa kijiji cha jirani. Kidd Creek, karibu na Timmins katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ni miamba ya umri uleule wa takriban miaka bilioni 2.7, katika ukanda uliokuwa maarufu kwa dhahabu kwa zaidi ya nusu karne; bonge lake kubwa la zinki na shaba lilichorongwa kwa mara ya kwanza Novemba 1963, chini ya ardhi ya majimaji isiyoonyesha mwamba, baada ya ndege yenye vipimo vya sumaku-umeme kuona kitu kinachopitisha umeme. Sisemi Sengerema ni Timmins. Ninachokataa ni kusema kitu hakipo mahali ambapo hakijatafutwa kwa kipimo chake.

---

Mzee wa Karasha

Mimi si mjiolojia. Ninachenjua marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza) na mawe ya watu huku Misungwi, na nitajibu sehemu ya sayanaidi kwa sababu vijana wengi hupoteza mtaji hapo.

Mwenye mitambo aliyewakataa hakuwaonea. Sayanaidi haichagui dhahabu peke yake. Ikikuta shaba inaifuata vilevile, na kwa kuwa shaba ni nyingi mara elfu kuliko dhahabu, dawa inaisha kabla dhahabu haijaguswa. Lakini shaba hazifanani. Malakaiti, ile kutu ya kijani, huyeyuka upesi sana, na ile salfaidi nyeusi ya shaba inayojikusanya karibu na usawa wa maji nayo huyeyuka sana. Kalkopairaiti ngumu ya chini huyeyuka kidogo tu. Kwa hiyo mzigo mbaya kuliko yote ni ule wa katikati, wa mpaka kati ya kutu na jiwe bichi, ambao ndio mliofikia sasa. Pirotaiti inayonata kwenye sumaku inaongeza balaa lake, maana inakula hewa yote ndani ya tenki pamoja na sayanaidi. Wenye uzoefu huukoroga mzigo na chokaa na hewa muda mrefu kabla ya kutia dawa.

Hata mkifanikiwa, shaba hupanda kwenye kaboni, ile makaa ya kunasia dhahabu, pamoja na dhahabu yenyewe, na mwisho wa yote mnapata tofali la dhahabu chafu ambalo mnunuzi atalikata bei. Ushauri wangu ni kwamba mzigo mwekundu wa juu na mzigo mweusi wa chini visichanganywe kamwe, hata kwenye lundo. Wekeni kila kimoja pembeni na alama yake.

Na hilo lundo jeusi mlilolianika juani ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ule ungaunga mweupe na kijani ni chumvi za salfeti za chuma na shaba. Mvua ya kwanza ya vuli ikilipiga, tindikali yenye shaba itashuka hadi kwenye kijito na mwisho wake ni ziwani, na shaba kidogo tu ndani ya maji inadhuru samaki. Lijengeni juu ya udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa, lizungushieni mtaro, lifunikeni kwa turubai. Hilo halisubiri mjiolojia.

---

Mwana wa Buchosa

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Lundo tumekwisha kulifunika kama Mzee wa Karasha alivyoelekeza, na mtaro unachimbwa.

Ndugu Nyundo na Lenzi, nimeshuka duarani na taa nzuri kuangalia ulichouliza. Upande wa kaskazini jiwe jeusi linapakana na mwamba mgumu wa kijivu unaokaribia kijani, wenye mistari myembamba ya jiwe jeupe na jeusi iliyolala sambamba, na mistari ya salfaidi yenyewe imelala mwelekeo uleule. Upande wa kusini mwamba ni laini, kijani kilichokolea, unateleza ukiushika, na ndani yake kuna mishipa midogo ya manjano inayokatizana kila upande bila mpangilio. Unene wa jiwe jeusi lenyewe, tukipima kwa usahihi na kuzingatia mwinamo, unazidi mita mbili kidogo. Kipande tulichopima kwa njia ya maji kimetoa 4.3. Tone la asidi kwenye sehemu ya kahawia limenuka kama ulivyosema, na tumekimbia.

Dhahabu tuliyokuwa tukiifuata iko kwenye kwatzi iliyo mita kadhaa kusini zaidi. Maswali yangu sasa ni mawili: sampuli zipelekwe maabara zikapimwe nini, na kama kuna haja ya vipimo vya jiofizikia tuanze na kipi?

---

Binti Igoma

Kaka, nafanya kazi ya kuandaa sampuli maabara hapa Mwanza, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza.

Mwanzo mliomba kipimo cha dhahabu kwa njia ya moto. Kipimo hicho hukusanya dhahabu ndani ya risasi iliyoyeyushwa, na hakisemi lolote kuhusu shaba au zinki. Tena sampuli yenye salfaidi nyingi huvuruga uyeyushaji huo, hivyo mnapoileta lazima muandike wazi kuwa ina salfaidi nyingi, ili anayepima apunguze kiasi cha sampuli na abadilishe mchanganyiko wa dawa. Asipojua, jibu la dhahabu linaweza kutoka chini ya ukweli. Kwa metali nyingine ombeni uyeyushaji wa asidi nne na usomaji wa elementi nyingi kwa pamoja. Msitaje shaba peke yake. Mnahitaji shaba, zinki, risasi, fedha, nikeli, kobalti, aseniki, bismuthi, manganizi, chuma na salfa, na mkiweza pia sodiamu na magnesiamu kwa mwamba unaozunguka. Majibu yakivuka kiwango cha juu cha mashine, sampuli hupimwa tena kwa njia ya mawe yenye metali nyingi. Ulizeni gharama yake kabla, kwa sababu wateja hushangaa ankara ikija mara mbili.

Manganizi naitaja kwa makusudi. Mawe meusi ya manganizi yanayoota kwenye nyufa hunyonya kobalti, nikeli, zinki na shaba kutoka kwenye maji yanayopita, na majibu yake huonekana ya ajabu wakati nyuma yake hakuna kitu.

Chukueni sampuli kwa mfereji unaokatiza mkanda kuanzia mwamba wa kaskazini hadi wa kusini, kila nusu mita mfuko wake, badala ya kuokota vipande vinavyong'aa. Vipande vinavyong'aa hupendeza kwenye simu tu.

Kile kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei ambacho watu hukodi siku hizi kinafaa kwa shaba, zinki, risasi na aseniki kwenye udongo, mradi udongo uwe umekaushwa na kuchekechwa. Udongo mbichi hushusha majibu. Dhahabu hakiwezi kuipima kwa viwango vya kawaida, hata mwenye kifaa aseme nini.

---

Nyundo na Lenzi

Dada Igoma amenipunguzia kazi. Sodiamu na magnesiamu nilikuwa nazitaja sasa hivi.

Ndugu Mwana wa Buchosa, ulichokiona duarani kimenifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mistari ya salfaidi inayolala pamoja na tabaka upande mmoja, na upande wa pili mwamba laini wa kijani wenye mishipa inayokatizana, ni sura inayotarajiwa kwenye bonge lililozaliwa sakafuni mwa bahari. Ule mwamba laini unateleza kwa sababu umejaa kloraiti, madini laini ya kijani, na mishipa ya manjano ni mabomba yaliyopitisha maji ya moto kwenda juu. Shaba hukaa zaidi karibu na mabomba hayo kwa kuwa inahitaji joto kubwa, na zinki husogea juu na pembeni palipopoa. Kama ndivyo, kusini ndiko kulikokuwa chini na kaskazini ndiko kulikokuwa juu wakati bahari ipo, na mwamba wenye mistari myeupe na myeusi ni tope la kikemikali lililotulia baada ya volkano kunyamaza. Tabaka hilo la mistari ndilo ramani yenu: lifuateni kwa miguu mashariki na magharibi, kwa kuwa mabonge haya hupenda kukaa kwa makundi kwenye usawa uleule. Majibu ya maabara yatathibitisha au yatakanusha. Mwamba wa kusini ukionyesha sodiamu iliyopungua sana na magnesiamu iliyoongezeka, maana yake maji ya moto yalipita kweli. Usipoonyesha, nitarudi upande wa Jabali.

Kabla ya jiofizikia yoyote, nendeni au tumeni mtu kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, mkapate ramani ya jiolojia ya eneo lenu na takwimu za usumaku zilizopimwa kwa ndege. Picha ya usumaku haitawaonyesha bonge lenyewe, lakini itawaonyesha tabaka za mawe ya chuma zinakopita chini ya mbuga, na hiyo ni thamani kubwa kwa bei ndogo.

Kisha udongo. Pale penye udongo mwekundu uliooza kutoka kwenye mwamba wake, chimbeni sentimita 30 hadi 50, mchekeche, mpime kwenye mistari inayokatiza mwelekeo wa tabaka. Vichuguu ni msaada usiodharauliwa, kwa maana mchwa hupandisha udongo kutoka chini kabisa. Kwangueni vichuguu vinavyoishi, si vilivyokufa na kuoshwa na mvua. Pale penye mbuga msipoteze mifuko. Huko itabidi kutoboa kwa mtambo mdogo hadi mwamba uliooza chini ya mfinyanzi, au kuacha kwa sasa.

Kuhusu jiofizikia, watu watawauzia sumaku-umeme kwa sababu salfaidi iliyoshikana hupitisha umeme vizuri. Ni kweli, ila kuna mitego mitatu. Mfinyanzi wa mbuga wenye chumvi nao hupitisha umeme na unaweza kuficha kilicho chini yake. Shale (matope ya kale yaliyogeuka mwamba) zenye grafaiti, ile kaboni ya kwenye penseli, hupitisha umeme na zimewapotezea watu mashimo mengi. Na sfalaraiti haipitishi umeme, kwa hiyo bonge lenye zinki nyingi linaweza kukaa kimya wakati mnapita juu yake. Kwa eneo dogo kama lenu, na kwa kuwa mna mishipa mingi ya salfaidi kwenye kloraiti, ningeanza na kipimo cha chaji, kile cha kupeleka umeme ardhini na kusoma unavyobaki baada ya kuzimwa, kwenye mistari michache inayopita juu ya duara lenu. Mkiwa na jibu la mahali mnapopajua, mtaweza kulisoma jibu la mahali msipopajua. Grafaiti inadanganya hapo pia, ndiyo maana ramani inatangulia.

Mashimo ya uchorongaji yaje mwisho, machache, yakiwa ya kiini, yaani ya kutoa mche wa jiwe zima, ili muone mwamba wenyewe na siyo unga wake. Yaanzie upande ambao bonge linainamia, yachorongwe kwa pembe kuelekea kinyume cha mwinamo, yalikate bonge chini kabisa ya kutu. Shimo la wima juu ya gosani ni zawadi kwa mwenye mtambo.

---

Jabali

Mita mbili na uzito wa 4.3 zimenipunguzia ukali. Bado nasubiri zinki ya maabara na urefu wa mkanda.

Niongeze la leseni, kwa sababu limesahaulika. Shaba na dhahabu zote zimo katika kundi la madini ya metali, ila someni maneno ya leseni yenu na muulize ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa kabla ya kuuza jiwe lolote lenye shaba. Leseni ndogo hutolewa kwa miaka 7 na ni ya Watanzania. Bonge likionekana kutoka nje ya mipaka yenu, ambalo kwa eneo dogo hivyo linatarajiwa, fikirini mapema kuomba ardhi ya jirani kabla ramani zenu hazijaanza kuzunguka mjini. Huyo bwana wa Kabanga msimwonyeshe majibu ya maabara, na msisaini chochote kinachompa haki ya madini yote kwa kubadilishana na ahadi ya kuchoronga isiyo na tarehe wala idadi ya mita.

---

Mwana wa Buchosa

Nimeelewa. Mfereji wa sampuli tunaukata wiki hii kuanzia mwamba wenye mistari hadi kwenye kloraiti, na kijana mmoja ametumwa kulifuata tabaka la mistari kuelekea mashariki. Swali dogo la mwisho kwa Nyundo na Lenzi: upande wa mashariki tabaka linaingia kwenye shamba la mihogo lenye udongo wa kijivu, wenye mchanga, ambao si mwekundu na si mbuga. Huo tuuhesabu vipi?

---

Nyundo na Lenzi

Chimbeni shimo moja la majaribio hadi mkute mwamba uliooza. Mkikuta njiani mstari wa kokoto za mviringo zilizosuguliwa na maji, kilicho juu ya kokoto hizo kimeletwa, msikipime; chukueni sampuli chini yake. Mkikuta kokoto zenye kona kali za kwatzi ya hapohapo, udongo wa juu umetokana na mwamba wenu na unaweza kupimwa, ingawa ningeshuka angalau hadi chini ya mstari huo kwa uhakika. Na mkubaliane na mwenye mihogo kabla ya kutia jembe, kwa maandishi, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo.